A15 au A16? Maneno ya kaunta na ukweli wa simu mbili zinazofanana

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na simu yako kuukuu ambayo kioo kimepasuka na chaji haifiki saa nane mchana. Useme bajeti yako, na kuna uwezekano mkubwa muuzaji akakuwekea mbili mbele yako: Samsung Galaxy A15 na Galaxy A16. Ukizilaza kifudifudi utadhani mapacha, na bei haijaachana sana. Hapo maneno yanaanza, ya muuzaji, ya rafiki uliyeongozana naye, hata ya mteja wa pembeni ambaye hukumuuliza. Mengi si uongo wa makusudi. Yalikuwa kweli kwa simu za zamani, yakabaki midomoni. Nazungumzia matoleo ya 4G ya simu zote mbili.

Dhana: Namba ikiwa kubwa, simu ina kasi zaidi

A15 ilitoka Desemba 2023, A16 ikaja mwishoni mwa 2024. Prosesa, yaani ubongo wa simu, ni ileile, MediaTek Helio G99. Betri zote ni 5000 mAh, zote zinapokea chaji ya wati 25, kamera kuu zote ni megapikseli 50. Chukua zenye RAM sawa (kumbukumbu ya kazi, inayoshika programu zilizofunguliwa), fungua WhatsApp kwenye zote kwa mpigo mmoja, utakosa mshindi. Kilichoongezeka ni kioo, kutoka inchi 6.5 hadi 6.7, pamoja na kinga ya IP54. Kinga hiyo ni ya vumbi na matone ya mvua ukiwa kwenye bodaboda. Simu ikitumbukia kwenye ndoo, usiitegemee.

Tena A16 imepoteza kitu: haina tundu la eafoni za waya. A15 inalo. Kwa mtu mwenye eafoni zake nzuri nyumbani, simu mpya hapo imerudi nyuma.

Dhana: Masasisho ni ya kumaliza bando tu

Hapa ndipo simu hizi zinapoachana kweli, na ndipo kaunta nzima inapokaa kimya, maana hakuna cha kumwonyesha mteja kwa kidole.

Zote mbili zilianza na Android 14, yaani toleo la 14 la mfumo unaoendesha simu. Kwa A15, Samsung iliahidi matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama. Kwa A16 ikaahidi matoleo sita na miaka sita. Piga hesabu: A15 inaishia Android 18, na usalama wake unafikia ukingoni kuelekea mwisho wa 2028. A16 inafika Android 20, usalama hadi mwishoni mwa 2030. Na hesabu hiyo inaanzia siku modeli ilipoingia sokoni, haingoji siku wewe ulipotoa pesa. Kwa hiyo A15 iliyokaa stoo miaka miwili ni mpya kwenye boksi lakini umri wake umeshaliwa.

Inakuhusu nini? Sasisho la usalama ndilo linaloziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanapitia, na siku hizi simu ndiyo benki ya wengi wetu. Programu nazo huacha kuhudumia mifumo ya kale: Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4. Mfumo ule ulikuwa na zaidi ya miaka kumi, sawa, lakini programu za benki kwa kawaida hazina uvumilivu wa namna hiyo. Kuhusu bando, subiri ufike penye Wi-Fi ndipo upakue.

Ukiniuliza mimi: anayekaa na simu hadi ife achukue A16, hata akiongeza kidogo. Anayebadilisha kila baada ya miaka miwili achukue A15, chenji akanunulie kava na protekta.

Dhana: “RAM 8+8” ni RAM 16

Ile nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM halisi. Inasaidia programu zisijifunge ovyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine, basi. Ukilinganisha simu mbili, linganisha namba ya kwanza, kabla ya alama ya kujumlisha.

Dhana: Hifadhi ndogo si tatizo, nitaongeza memori kadi

Omba ile pini ndogo iliyomo kwenye boksi, ichomeke kwenye kitundu cha ubavuni, uvute kitrei. Kwa toleo la laini mbili utakuta nafasi mbili tu. Moja ni ya laini ya kwanza. Ya pili inakaa ama laini nyingine ama memori kadi, si vyote. Sasa niambie, mtu mwenye laini ya Voda ya kazini na ya Airtel ya nyumbani ataitoa ipi? Mtu huyo anunue hifadhi kubwa tangu mwanzo, 256 badala ya 128 akiweza. Na hata kadi ikiingia, programu kwa kawaida zinaendelea kukaa kwenye hifadhi ya ndani. Kadi ni ya picha na miziki.

Dhana: Megapikseli nyingi, picha kali

Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja, ukapata picha ya kama megapikseli 12. Hilo si wizi, linasaidia penye mwanga hafifu. Kuhusu macho matatu ya nyuma, lile la megapikseli 2 la vitu vya karibu ni pambo zaidi kuliko kamera. Piga picha chini ya kaunta penye giza, kisha ikuze. Utajua zaidi kuliko boksi lilivyoandika.

Dhana: 5G inakula bando

Filamu ya GB 1 ni GB 1 kwenye 4G na kwenye 5G. Kinachotokea ni kwamba video ikiona mtandao una kasi inajipandisha ubora yenyewe, ndipo bando linapoyeyuka. Teremsha ubora kwenye mipangilio.

Dhana: Nikibadilisha simu, pesa zangu za M-Pesa zitapotea

Pesa ziko kwenye akaunti ya namba yako, hazikai ndani ya kifaa. Zinazopotea ni meseji za WhatsApp ambazo hukuzihifadhi kabla ya kuifuta simu ya zamani.

Dhana: Feki naijua kwa macho

Zamani labda. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchini Tanzania, waliozimiwa walikuwemo watu walioamini wana simu halisi. Iwashe mbele ya muuzaji, bonyeza *#06#, kisha soma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na kibandiko cha boksi. Halafu ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, uone kama modeli na hifadhi ni zile ulizoambiwa. Muuzaji akianza kukuharakisha hapo, pesa ibaki mfukoni. Duka la pili liko hatua kumi mbele.