Kazi ya kompyuta ya wingu kwa asiye na uzoefu: mahali pa kuanzia

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi yangu huniuliza kwanza watafute cheti gani, nami huwajibu, ingawa jibu hili huwaudhi baadhi yao, kwamba cheti kisubiri mpaka wajue Linux, mfumo endeshi unaoendesha seva nyingi, na mitandao. Kazi ya wingu ni kukodi seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), hifadhi na mitandao iliyo katika majengo ya mtu mwingine, kisha kuipanga, kuilinda na kuilipia kwa kadiri ilivyotumika, na asiyejua seva inavyofanya kazi hawezi kuipanga hata akikariri majina ya huduma zote za AWS, kampuni ya wingu ya Amazon, ambazo sasa zinapita 200.

Linux haidai mashine ya bei kubwa. Kompyuta mpakato ya mtumba inatosha kuendeshea Debian, toleo mojawapo la Linux, na kwa miezi miwili au mitatu ya mazoezi ya kila siku mtu huzoea ruhusa za faili, husoma logi, yaani rekodi za matukio ya mashine, zilizo ndani ya /var/log na kutambua programu inayomaliza kumbukumbu ya mashine. Mitandao ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu hupenda kuiruka. Ukitenga kipande cha mtandao cha /24, alama inayoonyesha ukubwa wake, unapata anwani 256, lakini ndani ya AWS utatumia 251 tu, kwa kuwa tano katika kila kipande hushikiliwa na mtoa huduma mwenyewe. Na ukiiacha poti 22, mlango wa kuingilia seva kutoka mbali, wazi kwa dunia nzima, haichukui muda kabla ya programu za kubahatisha nywila kuanza kupiga hodi.

Baada ya hapo jenga kitu kimoja kidogo chenye mtumiaji wa kweli, kama tovuti ya kwaya au orodha ya bidhaa za duka la shangazi yako. Kiweke kwenye seva, kipatie jina la kikoa na cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti na wageni wake, kutoka shirika la Let's Encrypt, ambacho hakina malipo, kisha ifute seva hiyo kwa makusudi ujaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niligundua kwamba nilikuwa nimehifadhi picha zote na kuisahau hifadhidata, na siku ile ilinifundisha kuhusu nakala rudufu kuliko video zote nilizokuwa nimezitazama.

Fedha nazo zina somo lake. Nilipokuwa mwanafunzi niliwasha lango la NAT, linaloziwezesha seva za mtandao wa ndani kufika intaneti, kwa zoezi la jioni moja, nikazima seva na kulisahau lango, na mwisho wa mwezi nikadaiwa zaidi ya dola 30, kwa kuwa lango hutozwa kwa kila saa linapokuwepo hata kama hakuna data inayopita. Kwa hiyo, siku unayofungua akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili na uweke tahadhari ya bajeti, ukikumbuka kwamba tahadhari hiyo hukutumia ujumbe tu, haizimi chochote.

Cheti kina nafasi yake, hasa pale ambapo afisa mwajiri anachuja mamia ya maombi. Mtihani wa Cloud Practitioner wa AWS una maswali 65 kwa dakika 90 na ada yake ni dola 100, ila kwa maoni yangu anayeweza kusubiri afadhali adunduize dola 150 za mtihani wa Solutions Architect ngazi ya Associate, kwa sababu huo humlazimu mtu kuchagua kati ya mipango miwili inayoonekana sawa.

Ajira ya kwanza aghalabu haitaitwa kazi ya wingu. Itakuwa dawati la msaada katika benki, hospitali au kampuni ya intaneti, na aliyewahi kuwa wakala wa fedha za simu, akazoea kulinganisha hesabu na kumtuliza mteja mwenye hasira, ana uzoefu ambao hauandiki kwenye wasifu wake. Ninapowahoji waombaji huuliza swali moja: tovuti haifunguki, unaanzia wapi? Wengi hutaja huduma ya kuongeza. Ninayemchukua ni yule anayeniuliza kwanza kama haifunguki kwa watu wote au kwa mtu mmoja, na ni kitu gani kilibadilishwa jana.