Ukiandika "alihuzunika", mimi nichore nini?

Wiki iliyopita kaka mmoja alinifuata hapa Mwanjelwa, Mbeya, simu mkononi, nimchoree kitabu cha watoto. Ana hadithi ya kipunji mdogo aliyepotea msituni Rungwe na kinyonga anayemsaidia kutafuta kwao. "Dada, kazi kubwa nimeshamaliza. Wewe weka tu picha za kupamba."

Za kupamba! Kwani hiki ni keki ya kipaimara?

Wahusika wake nawapenda. Kipunji ni kima ambaye wanasayansi wamemjua juzi tu, 2003, ilhali Wanyakyusa walishakuwa na jina lake. Ana manyoya marefu ya baridi na kishungi kichwani, raha kumchora. Kinyonga wa Poroto naye, dume lake lina pembe tatu. Ugomvi wangu ni sentensi hii: "Kipunji alihuzunika sana, akakaa peke yake juu ya tawi huku mvua ikimnyeshea na machozi yakimtoka."

Haya, nimebakiziwa nini? Tawi, mvua, machozi. Mtoto aambiwe jambo lilelile mara mbili.

Nikamwomba afute yote aandike: "Sijambo," alisema Kipunji. Basi. Mimi nitamchora amejikunyata, mkia kauzungushia miguuni, kinyonga anamchungulia nyuma ya jani. Mama anayesoma macho yake yako kwenye maandishi. Mtoto aliyempakata yuko kwenye picha. Mama anasoma "sijambo", mtoto anadakia: "Mwongo! Analia huyo!" Hapo mdogo anajua kuliko mkubwa, na usiku wa saba bado ataomba kisomwe tena. Ukishaandika "alihuzunika", umemnyang'anya.

Mengine ni ya haraka. Kurasa huwa 32 kwa sababu karatasi ya mashine ikikunjwa hutoa 16, nawe unatumia mbili. Uso usikae kwenye mkunjo wa katikati. Swali liwe ukurasa wa kulia, jibu lisubiri mtoto afunue.

Halafu mwisho. Aliandika kwamba marafiki walipata "nyumba nzuri ya bati". Kipunji analala mitini, bati la nini? Na tangu mwanzo hakutafuta nyumba, alitafuta kwao. Nyumba naichora kwa dakika kumi. Kwao sijawahi kuichora bila kuchana karatasi nne. Safari hii nimerudia tawi lilelile, mvua ileile, ila mkia wa kinyonga umejiviringisha kwenye mkia wa kipunji. Neno hata moja sitaki pale.

Sasa kinachoninyima usingizi. Mwalimu mmoja wa Tukuyu aliwahi kuniambia darasa lake lina watoto zaidi ya themanini na kitabu kimoja. Anakiinua juu, anasoma. Aliye dawati la nyuma haoni mkia wala jani. Anasikia "sijambo" na anaamini. Kwa mtoto huyo sentensi ndefu ya yule kaka ina faida kuliko ujanja wangu wote. Nimejaribu kuchora vitu vikubwa zaidi, rangi nzito zaidi. Inasaidia mpaka dawati la nne hivi.

Sijamweleza kaka habari hiyo, maana angeshinda mjadala. Jana kanitumia mswada mpya. Tawi kafuta, mvua kafuta. Machozi kayaacha, na chini kaandika: "Haya siyatoi, dada."