Zana ya kugawa maji ianzie kwenye banio

Tangu miaka ya 1990, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Juu kuna majaruba ya mpunga ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu. Chini kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kila upande una wa kumlaumu. Katika hali hiyo mtaalamu hutamani programu ya kompyuta ipige hesabu za bonde zima na kumaliza ubishi, na programu nyingi za namna hiyo huishia kabatini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi mmoja ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ulitengeneza programu ya aina hiyo kwa ajili ya Ruaha. Lakini uliwaletea wakulima pia mchezo: ubao mrefu ulioinamishwa, mto katikati, mifereji pembeni, na gololi badala ya maji. Wachezaji hupanga vijiti vya mabanio, yaani vizuizi vinavyoelekeza maji ya mto kwenye mifereji, kisha gololi huachiwa kutoka juu. Mashamba ya juu hujaa. Ya chini huambulia mbili tatu, au patupu. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na hakuna anayehitaji kufundishwa jinsi ya kusoma grafu.

Mtengenezaji wa programu ana mengi ya kuokota pale. Kibali cha maji huandikwa kwa kiasi maalumu, tuseme lita kadhaa kwa sekunde. Masika kiasi hicho kipo. Kiangazi mto wenyewe huenda hauna hata nusu yake, na wakulima hugawana kwa zamu: mfereji huu leo, ule kesho. Programu inayojua lita tu, isiyojua zamu, itamjibu afisa wa bonde swali ambalo mfereji haukuuliza. Kwa maoni yangu, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, kaa na kamati ya watumia maji uulize nani hufungua banio usiku, na kwa ruhusa ya nani.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo miradi hulikwepa. Mafuriko yakisomba kipimo cha mtoni baada ya wafadhili kuondoka, bodi ya maji ya bonde isipokuwa na bajeti ya kukirudisha, programu itaendelea kutoa majibu yaleyale kwa takwimu za zamani.