Tuzo ya Nobel ya 2009 na Uzi wa Kioo Unaobeba Intaneti

Wanafunzi wanaotembelea maabara yetu hapa Arusha hupewa kwanza kipande cha faiba kilichomenywa ganda lake, wakishike. Ni uzi wa kioo unaobeba simu na intaneti kwa mwanga, wenye unene wa mikromita 125, karibu sawa na unywele, na wengi huuvunja kabla maelezo hayajaanza. Kwa kazi yake juu ya uzi huo, Charles Kao, mhandisi mzaliwa wa Shanghai, alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Kao hakutengeneza faiba tunayoitumia, ingawa wengi hudhani hivyo. Mwaka 1966, akiwa katika maabara moja ya mawasiliano mjini Harlow, Uingereza, yeye na George Hockham walichapisha makala wakieleza kwamba mwanga hupotea ndani ya kioo hasa kwa sababu ya uchafu, zikiwemo chembe za chuma, wala kioo chenyewe hakina lawama kubwa. Kioo cha wakati ule kilipoteza desibeli 1000 kwa kilomita (desibeli ni kipimo cha upotevu: kila desibeli 10 hubakisha sehemu moja ya kumi ya mwanga), yaani baada ya mita 20 tu mwanga ulibaki asilimia 1. Walisema upotevu ukishuka hadi desibeli 20 kwa kilomita, simu zitaweza kupita humo. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walifanikiwa kushuka chini ya kiwango hicho.

Faiba ya sasa hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita. Kwa hesabu hiyo, mwanga unaoingizwa Arusha hufika Moshi, kilomita 80 hivi, ukiwa na asilimia 2.5 ya nguvu yake, tukiacha kando mwanga unaopotea kwenye viungo, yaani mahali vipande vya faiba vinapoungwa, na mtambo wa kupokea hutosheka kabisa. Kwa kuwa kioo chenyewe hupoteza kidogo hivyo, kiungo kibaya huwa hasara kubwa. Ndiyo maana fundi anayeunga faiba hufuta ncha kwa spiriti, huikata iwe bapa, kisha hukodolea macho mashine ya kuungia: ikisoma upotevu wa desibeli 0.02 hufunika kiungo na kuendelea, ikisoma 0.3 hukata na kuanza upya, kwani kiungo hicho kimoja hula mwanga sawa na kilomita 1.5 za kioo.

Kwa maoni yangu tuzo ilichelewa. Ilitangazwa Oktoba 2009, miezi michache baada ya mkongo wa SEACOM, kebo ya faiba ya intaneti ipitayo baharini, kuzinduliwa Dar es Salaam, na miaka 43 baada ya makala ile. Kao alikuwa tayari anaugua Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu; hotuba yake ya Nobel huko Stockholm ilitolewa na mkewe, Gwen.