Kidonge cha saikosisi hukaa mwilini siku ngapi?

Ramadhani inapokaribia, mwenye mgonjwa wa akili nyumbani huwa na swali: kidonge kinachomezwa baada ya futari kitamfikisha mgonjwa hadi magharibi ya kesho? Kwa dawa nyingi za saikosisi, yaani ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli, kitamfikisha. Ndiyo maana daktari wa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja, au wa hospitali ya karibu kwa aliye Pemba, mara nyingi anaweza kupanga dozi za mchana zihamie usiku. Lakini apange yeye, na aulizwe kabla mwezi haujaandama.

Dawa hizi zinapenda mafuta. Zikitoka tumboni huingia kwenye damu, kisha hujipenyeza kwenye ubongo na kwenye shahamu za mwili, na kutoka huko hurudi kwenye damu polepole ili ini lizivunje. Madaktari hupima kasi hiyo kwa muda ambao dawa hupungua kwa nusu. Haloperidoli huchukua takriban saa 24. Kwa hiyo aliyeacha leo, kesho amebaki na nusu, keshokutwa robo, na siku ya tano zimesalia kama asilimia 3 tu. Olanzapini hupungua nusu kwa saa 30 hivi, basi huaga ndani ya wiki. Kwetiapini haimalizi siku mbili. Aripiprazoli ndiyo ng'ang'anizi: saa 75, na mabaki yake yanayofanya kazi hukawia zaidi, hata kufikia wiki tatu.

Watu hawalingani. Mzee, au mwenye ini dhaifu, hukaa nayo zaidi. Moshi wa sigara nao huliamsha ini livunje olanzapini na klozapini haraka; mvutaji akiacha ghafla, dawa hupanda kwenye damu ingawa dozi ni ileile. Daktari lazima aambiwe.

Sasa lipo jambo linaloniumiza, kwa kuwa linawarudisha wengi wodini. Dawa kutoka mwilini ni jambo moja, ugonjwa kurudi ni jingine. Mtu akiacha vidonge, wiki ya kwanza huenda akawa mchangamfu kuliko kawaida, kwa kuwa madhara ya dawa yamemwacha: usingizi mzito umemtoka, mikono haitetemeki, shingo haikazi. Nyumbani wanasema alhamdulillahi, kapona. Ikiwa siku hizo alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani, sifa zote huenda kwenye kombe. Kusomewa hakuna ubaya, na kunampa mtu faraja. Ubaya ni kuziacha dawa kwa ajili yake, kwani ugonjwa unaweza kukaa kimya wiki kadhaa, hata miezi, baada ya tone la mwisho kutoka, kisha ukaibuka. Wakati huo hakuna anayekumbuka tena vidonge vilivyoachwa.

Kwa anayesahau kumeza kila siku, ipo sindano ya flufenazini iliyochanganywa na mafuta. Huchomwa kwenye msuli, na dawa hutoka humo kidogo kidogo, hivyo mgonjwa hurudi kuchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Uzito wake ni huo huo wa kukawia: madhara yakitokea haiwezi kutolewa mwilini, itasubiriwa ipungue yenyewe. Kwa hiyo kwa kawaida madaktari huanza na dozi ndogo, waone mwili wa mgonjwa unavyoipokea.