Kinachovuruga tumbo si ubaridi wa kiporo

Wapo wanaoamini kwamba wali au muhogo ukishapoa umeisha nguvu, unabaki wa kujaza tumbo na kulivuruga.

Kupoa kwenyewe hakuna kosa. Wanga uliopikwa ukipoa, sehemu yake hujipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa. Hufika utumbo mpana, bakteria wa humo wakaila na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kupasha moto hakuiondoi yote.

Shida ni namna ya kupoza. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha vijimbegu visivyokufa kwa kuchemka. Wali ukilala sufuriani umefunikwa, kwa joto letu la pwani, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu isiyoharibiwa na moto, na pua haiwezi kuinusa. Utandaze kwenye sinia, unene wa kidole, uingie friji ndani ya saa 1, uliwe ndani ya siku 1. Upashe mara moja tu, hadi utoe mvuke. Huna friji? Usilaze, hasa wa nazi. Huo huchacha upesi.

Wanga usiomeng'enywa haupandishi sukari ya damu, hivyo mwenye kipima sukari anaweza kulinganisha: wali kiasi kilekile, wa moto leo, uliopozwa kesho, apime saa 2 baada ya kula. Tofauti huwa ndogo, pengine isionekane, dawa asizibadili.