Jeli ya kurekebisha rangi ya mwanga ni nini?

Mkalishe mtu kando ya dirisha saa sita mchana, mmulike kwa taa ya tangsteni, ile ya waya unaowaka ndani ya glasi, upande wa pili, kisha tazama kwenye kamera. Shavu la dirishani lina ubluu, la upande wa taa limeiva rangi ya chungwa. Kwa macho yako yuko sawa tu, kwa kuwa ubongo husawazisha rangi bila hata kukuuliza. Kamera haiwezi: ukiipangia mwanga upi iuone kuwa mweupe, mwingine wote utabaki na rangi yake.

Dawa yake ni jeli, karatasi nyembamba ya plastiki yenye rangi, inayopitisha mwanga na kustahimili joto, ambayo hubanwa mbele ya taa au hubandikwa dirishani. Jina limebaki tangu zilipotengenezwa kwa jelatini. Usizichanganye na zile nyekundu na zambarau za jukwaani. Hizi zikifanya kazi vizuri, mtazamaji hajui kama zipo.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na hapo wanaoanza hujikwaa: mwanga tunaouita wa joto ndio wenye namba ndogo. Mshumaa ni kama 1900, tangsteni 3200, mwanga wa mchana 5600 hivi. Jeli ya chungwa, CTO, huushusha mwanga wa mchana ufanane na tangsteni. Ya bluu, CTB, huipandisha tangsteni ifanane na mchana. Zipo za nguvu ya nusu na robo pia. Taa za tyubu zenye ukijani hutulizwa kwa jeli ya majenta, yaani waridi iliyokolea kuelekea zambarau.

Sasa, uweke kwenye taa au dirishani? Wengi hukimbilia taa, maana kipande kidogo kinatosha. Ila jeli haiongezi rangi yoyote, inazuia tu zisizotakiwa. Tangsteni ina bluu haba, kwa hiyo CTB kamili hula karibu theluthi mbili ya mwanga wake, na hapo ulikuwa tayari unashindana na jua! CTO dirishani hupunguza mwanga wa nje karibu nusu, jambo ambalo mara nyingi ulilitaka. Gharama yake ni kubwa, na lazima ivutwe vizuri, kwani mkunjo mmoja huonekana kwenye picha.

Siku hizi taa nyingi za LED hubadilishwa kelvini kwa kitufe, hivyo jeli za taa hulala kabatini. Za dirisha bado zinabebwa. Anayetumia tangsteni abebe na vibanio vya nguo, vya mbao, maana vya plastiki huyeyukia kwenye taa.